Wifi kazima TV, bibi kainuka: watoto watazame nini?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Bwiru, Mwanza, na mume wangu, watoto wawili (wa kiume ana miaka 11, wa kike 7) na mama mkwe aliyetoka Kwimba. Mwezi huu wifi yangu anayeishi Sweden amekuja likizo na mwanawe wa miaka 8. Jumamosi alituwekea filamu ya watoto ya huko, imeandikwa inaruhusiwa kwa wote. Kumbe ndani watu wanabusiana, tena familia nzima inaoga ziwani bila nguo. Mama mkwe akainuka, akasema anaenda kuangalia dagaa jikoni, hakurudi. Kesho yake watoto wakaweka muvi ya Kichina ya kuzichapa, ile iliyotafsiriwa na DJ, bibi yao anacheka nao. Wifi akachukua rimoti akazima, akasema tunawafundisha watoto ukatili. Jioni ikawekwa komedi ya Kibongo, baba anamchapa mtoto viboko, sisi tunacheka, mtoto wa wifi akaangua kilio. Sasa nyumba imegawanyika. Nani yuko sahihi, na nifuate alama za umri za nchi gani? Halafu huyu wa miaka 7 hataki tena kulala chumba cha bibi yake tangu aone muvi ya Kinigeria kwa jirani. Sijui kama vinahusiana.

Jibu: Marahaba, dada. Umeniandikia mambo manne, na la nne umelitupia mwishoni kana kwamba si kitu. Kwangu mimi ndilo kubwa, na ndilo litakalokula nafasi ya jibu hili. Lakini nikianza nalo, wifi na mama mkwe wataendelea kununiana, kwa hiyo niwapitie wao kwanza.

Wifi hakuuanzia ukali wake Bwiru. Sweden walianza kukagua filamu kwa ofisi ya serikali mwaka 1911, wakati Mwanza bado iko chini ya Wajerumani, na kwa miongo mingi jicho lao limekuwa kwenye hofu na ukatili kuliko kwenye mwili wa mtu. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 1982, ilipotoka E.T. ya Steven Spielberg, ile ya kiumbe kutoka anga za mbali anayefichwa nyumbani na mtoto. Marekani waliipa PG, yaani mzazi apime mwenyewe. Uingereza wakaipa U, kila mtu aone. Sweden wakasema aliye chini ya miaka 11 asiingie. Maelezo yaliyosambaa wakati ule ni kwamba watu wazima kwenye ile filamu wanaonyeshwa kama maadui wa watoto. Hebu fikiria: sinema ambayo nusu ya dunia iliipeleka familia nzima, kule ikaonekana inamtisha mtoto kwa sababu mkubwa anamwinda mdogo.

Ukitaka kuelewa kilio cha yule mtoto wa miaka 8, chukua mwaka 1979. Mwaka huo Sweden ilikuwa nchi ya kwanza duniani kumkataza mzazi kwa sheria kumpiga mtoto. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga kanuni za adhabu ya viboko shuleni, zinazosema nani achape na kwa utaratibu gani. Wifi yako amekulia upande mmoja wa mwaka huo, mwanawe anakulia upande wa pili. Kijana wako akiona fimbo kwenye komedi anaona jambo la kawaida la Jumatatu asubuhi mstarini; anacheka, na sehemu ya kicheko ni kwamba leo si zamu yake. Mtoto wa wifi ameona mtu mzima anamshambulia mtoto, kisha akageuza shingo akakuta bibi yake, mjomba wake na binamu zake wote wanafurahia. Kwa alichokiona, kulia ni sahihi kabisa. Hakuna aliyekosea kwa kucheka wala kwa kulia, ila akiwa kwenu zile komedi za fimbo ziwekeni kando. Hazina utamu wa kiasi hicho.

Upande wa mwili, mambo yanageuka. Kwa Waswidi familia kuingia majini bila nguo ni kuoga tu, haina maana nyingine, na wakaguzi wao hawaihesabu kuwa hatari kwa mtoto. Mwaka 2011 waliacha kabisa kukagua filamu za watu wazima. Zilizobaki ni alama za watoto: wote, miaka 7, miaka 11 na 15, na hiyo 15 ndiyo kikomo. Tena wana kanuni moja ninayoipenda: mtoto wa miaka 7 anaweza kuingia filamu ya 11 kama ameongozana na mtu mzima. Ishike hiyo, tutaihitaji.

Umeniuliza ufuate alama za nchi gani. Hakuna nchi moja nitakayokupa, na sababu ni kwamba alama ya umri huandikwa na watu fulani kwa ajili ya watoto wao, kwa kuangalia kile wanachokiogopa wao. Wamarekani wanaogopa maneno. Mfumo wao ulianza mwaka 1968, na unaendeshwa na chama cha makampuni ya filamu, si serikali. Mwaka 2010 ilitoka The King's Speech, habari za mfalme wa Uingereza mwenye kigugumizi: watu wazima wanazungumza vyumbani kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna hata anayerusha ngumi. Ikapewa R, yaani aliye chini ya miaka 17 asiingie bila mzazi au mlezi, kwa sababu kuna kipande ambapo mfalme anaporomosha matusi ili ulimi ulegee. Waingereza nao waliipa 15, wasambazaji wakakata rufaa, ikashushwa hadi 12A, ambapo hata aliye chini ya 12 anaingia akiwa na mtu mzima. Wakati huohuo muvi za mashujaa wanaobomoa mji mzima, risasi nyingi na damu kidogo, Marekani hupita na PG-13, yaani mzazi awe mwangalifu zaidi kwa aliye chini ya miaka 13, alama waliyoianzisha mwaka 1984.

Sasa fikiria kijana wako wa darasa la tano. Kiingereza chake bado kinatambaa. Matusi ya yule mfalme yatampita bila hata kugusa sikio. Alama ya Marekani inamlinda na kitu ambacho hakimfikii, na kile kinachomfikia haikitaji, maana anayezungumza naye ni DJ. Hawa watafsiri wetu, kuanzia enzi za Lufufu hapa Tanzania hadi DJ Afro kwa majirani zetu Kenya, hawatafsiri tu. Wanatunga. Stelingi anapewa jina la mtaani, adui anapewa mama mkwe, na palipokuwa kimya DJ anajaza maneno yake, mengine ya kuchekesha kweli, mengine matusi ambayo mwandishi wa filamu hakuyawazia. Kuna wakati DJ anapunguza makali: mtoto anayesikia mtu akitania juu ya pigano hakai roho juu kama anayeliona kwa muziki mzito wa kutisha. Na kuna wakati anaongeza takataka. Kwa hiyo filamu iliyopewa 12 London, ikishapita kwake ni filamu nyingine, na hakuna mkaguzi aliyeiona hiyo ya pili. Mama wa nyumbani anayeisikiliza dakika kumi za mwanzo akiwa anachambua mchele anajua zaidi yao wote.

Tofauti za nchi zinachekesha ukizipanga. Mwaka 2015 ilitoka Fifty Shades of Grey, ya mapenzi ya watu wazima. Ufaransa waliikataza kwa walio chini ya miaka 12 tu, Uingereza wakaipa 18, Kenya wakaipiga marufuku. Filamu ileile. Kenya hiyohiyo mwaka 2017 ilitaka hata baadhi ya katuni ziondolewe hewani. India nao, ambao picha zao bibi zetu wanaziamini kwa kuwa wapenzi huimba na kuzunguka miti badala ya kubusiana, mwaka 2024 waliigawa alama yao ya katikati kuwa miaka 7, 13 na 16, kwa kuwa ile moja ilikuwa imebeba kila kitu.

Kwetu kuna Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Vyote vizuri. Lakini flashi ikishajazwa muvi kule Makoroboi haina alama ya mtu yeyote. Ina majina ya mafaili yaliyokatwa katikati. Na mlangoni mwa kibanda umiza kinachoulizwa ni kiingilio, si umri. Kwa hiyo mkaguzi wa nyumba yako ni wewe, upende usipende.

Nije kwa mama mkwe, na hapa naomba usimchukulie kama mzee wa Kwimba asiyejua dunia inakokwenda. Waangalie waliokuwa sebuleni. Alikuwepo yeye, mwanawe ambaye ni mumeo, binti yake, wewe mkwewe, na wajukuu watatu. Mama amekaa kochi moja na mwanawe wa kiume mwenye ndevu, mbele yao mtu na mpenzi wake wanabusiana kwa ukubwa wa inchi arobaini na tatu. Mama huyo aweke macho wapi? Nina hakika mumeo naye ghafla alipata ujumbe muhimu kwenye simu. Kwa Wasukuma, na kwa jamii nyingi kuizunguka Nyanza hii, haya ya mzazi na mwana, ya mkwe na mkwe, ni jambo zito, na kuinuka kwenda kuangalia dagaa ndiyo njia ya kistaarabu ya kuondoka bila kumuumbua mtu. Angeweza kugomba. Hakugomba.

Na sidhani alikuwa anawalinda wajukuu. Bibi na mjukuu wana utani wao. Huyohuyo bibi anaweza kumwita kijana wako "mume wangu" na kumtania mambo ambayo wewe mama yake huwezi kuyatamka. Angekuwa peke yake na wajukuu, pengine angesema tu hao nao hawana haya, akaendelea kumenya viazi. Watoto wenyewe hawakuona ajabu kubwa. Wamezaliwa kando ya ziwa. Mwaloni Kirumba watoto wanaoga uchi kila siku, na wakubwa wanaoga jioni, wanawake upande wao na wanaume wao. Kilichokuwa kigeni kwao ni ule mchanganyiko, baba na mama na watoto maji mamoja, na hilo linaelezeka kwa sentensi moja: kwa shangazi huko ndivyo wanavyoogelea, sisi tuna utaratibu wetu.

Kwa hiyo wifi na mama yake hawabishani juu ya kitu kimoja. Alama ya Sweden inajibu swali hili: je, mtoto wa umri huu akiona hiki kitamdhuru? Swali la mama mkwe ni jingine: je, sisi tuliokaa hapa tunaweza kukiona hiki pamoja? Hakuna kundi la wakaguzi Stockholm wala Los Angeles linalouliza swali la pili, kwa sababu wao hupanga kwa kichwa kimoja kimoja kinachokata tiketi. Nyumba yenye vizazi vitatu na TV moja inayauliza yote mawili. Filamu ya wifi ilifaulu la kwanza, ikaanguka la pili. Suluhisho lake ni rahisi kuliko ugomvi wenyewe: aiweke kwenye kompyuta yake, chumbani au barazani, yeye na watoto watatu, wakati baba na bibi wana shughuli zao. Na siku nyingine aiseme mapema: "Mama, hii ina mambo ya mapenzi kidogo." Atakayetaka kwenda sokoni ataenda.

Kuhusu muvi ya kuzichapa, nitakuwa upande wa wifi kidogo kuliko unavyotarajia. Sisi tumejizoesha kwamba damu ni sawa ilimradi nguo zimevaliwa. Baba anaruka kwenye rimoti kama mwizi ameingia watu wakikaribiana midomo, lakini mtu akikatwa kichwa anasema "ona, ona". Mtoto anajifunza kutokana na hilo ni kipi kibaya na ni kipi burudani. Hata hivyo namna alivyozima ni makosa. Kamzimia mama yake, ndani ya nyumba anayoishi mama yake, mbele ya wajukuu. Angekaa, akaangalia, akamuuliza kijana, "Huyu kwa nini anapigana na wote? Wewe ungefanyaje?" Kijana wa miaka 11 anayaweza mazungumzo hayo na anajua kwamba yule stelingi amefungwa kamba. Ninachokiogopa zaidi ni wa miaka 7 kukaa hapo saa mbili mfululizo kwa sababu tu kaka yake ndiye mwenye flashi.

Sasa binti yako.

Umesema aliona muvi ya Kinigeria kwa jirani na tangu hapo hataki chumba cha bibi. Hukusema ni muvi gani, lakini aina yake naijua: tajiri aliyepata mali kwa kumtoa mtu wa damu yake, kikongwe anayegeuka usiku, damu kwenye bakuli, mwishoni mchungaji anaomba, wabaya wanaanguka, na maandishi ya kumtukuza Mungu yanapita. Hakuna aliyebusiana. Hakuna aliyevua nguo. Ngumi hazikupigwa. Jirani aliiona ni muvi safi, yenye mafunzo hata, na kama ingewekwa kwenu nina wasiwasi mama mkwe asingeinuka na wewe usingezima. Mmegombana wiki nzima juu ya busu na karate, na filamu iliyomuumiza mtoto ilipita mlango wa mbele ikiwa imevaa kanzu.

Hata wakaguzi wa nje wangeweza kuipitisha kwa ulaini. Waingereza, kwa mfano, huhesabu mazingira ya kinjozi kuwa kitu kinachopunguza ukali: kama ni majini na mazimwi, mtoto anajua si dunia yake. Kwa mtoto wa Manchester, kikongwe anayekula watu ni hadithi, sawa na joka. Kwa mtoto wa Mwanza, je? Hapa ndipo palipotikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino, hasa miaka ya 2007 na 2008, kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri wa madini na samaki. Misungwi, jirani tu, Shule ya Msingi Mitindo imehifadhi watoto wenye ualbino kwa sababu hiyo. Na Usukumani vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kosa lao likiwa macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe jikoni miaka nenda rudi. Watoto hawasomi ripoti, lakini wanasikia wakubwa wakizungumza kwenye bodaboda, kisimani, saluni. Filamu ya kafara haimletei binti yako njozi. Inampa picha ya jambo ambalo tayari ameshasikia kwamba lipo, kisha inampa sura ya mhusika: mzee, mwanamke, amefunga kitambaa, anakaa chumba cha uani. Anatoka kwa jirani, anarudi nyumbani, anamkuta.

Ndiyo, dada, vinahusiana.

Hili halihusu Nigeria peke yake. Chukua Titanic, iliyotoka Desemba 1997, Marekani PG-13 na Uingereza 12. Wazazi wengi wakiizungumzia wanakumbuka kile kipande cha msichana anayechorwa bila nguo. Lakini MV Bukoba ilikuwa imezama hapa jirani tarehe 21 Mei 1996, watu zaidi ya 800 wakafa, na makaburi yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere nayo ikapinduka ikikaribia Ukara, zaidi ya 200 wakafa. Mtoto wa Ukerewe ambaye Jumatatu anapanda kivuko kurudi shule, mchoro ule hautamkosesha usingizi. Atakosa usingizi kwa sababu ya watu wanaogonga mlango maji yakipanda. Hakuna namba iliyoandikwa kwenye kasha itakayokuambia hilo, kwa sababu aliyeiandika hajawahi kusubiri mtu kwenye gati.

Kwa hiyo ukiona alama, isome ile sababu iliyoandikwa chini yake kuliko namba. Ikisema lugha, na mtoto hajui lugha hiyo, ipuuze. Ikisema vitisho, iamini. Halafu ongeza sababu zetu ambazo wao hawaziandiki: uchawi na kafara, ajali za majini, na hadithi yoyote inayomfundisha mtoto kumwogopa mtu anayelala naye nyumba moja. Ukifanya hivyo muda mfupi tu, utashangaa ni filamu ngapi za "familia" zinaanguka na ngapi za kuzichapa zinapita.

Umri nao una kazi yake, ila si kama tunavyodhani. Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyechunguza kwa miaka mingi hofu ambazo watoto huzipata kwenye TV na sinema, alionyesha kwamba mtoto mdogo, hadi kama miaka 7 hivi, huogopa kinachoonekana kibaya: sura, meno, mabadiliko ya ghafla ya mtu. Akivuka hapo anaanza kuogopa kinachoweza kutokea kweli. Binti yako yuko mpakani, kwa hiyo amepigwa pande zote mbili: sura ilitisha, na akili yake imeanza kuuliza kama inawezekana. Ndiyo maana kumwambia "ile ni muvi tu, wanaigiza" kumekuwa hakufui dafu. Maneno hayo yanamsaidia kaka yake. Mtoto wa umri wake hutulizwa zaidi kwa mwili: kukumbatiwa, taa kuachwa, mtu kukaa naye hadi apitiwe na usingizi.

Usimlazimishe kulala kwa bibi, na usimtungie uongo kwamba bibi ana dawa ya kuwafukuza wachawi. Hiyo inathibitisha kwamba wapo na kwamba bibi anahusika. Alale kwako kwa sasa. Mchana, mbele yako, apewe kazi na bibi: kuchambua dagaa, kupanga michembe juani, kusukwa nywele. Bibi amsimulie utoto wake Kwimba, alivyochunga, alivyoogopa fisi. Mtoto anahitaji kumjaza bibi vitu vingine hadi ile sura ya kwenye muvi ikose nafasi. Siku akianza mwenyewe kuuliza, "Bibi, wachawi wapo?", muwe mmeshakubaliana jibu, wewe, mumeo na mama mkwe, maana mtoto akipata majibu matatu atachagua la kutisha. Jibu linaloweza kubebwa na nyumba ya Kikristo, ya Kiislamu au ya jadi ni hili: wapo watu wabaya wanaowaumiza wengine na kusingizia uchawi, serikali inawakamata, na hapa nyumbani hakuna hata mmoja. Bibi anakupenda.

Mama mkwe mwenyewe aambiwe ukweli kwamba ni muvi iliyomtisha mjukuu. Akiachwa akisie kwa nini mtoto anamkimbia, katika nchi hii ambayo kikongwe akikimbiwa na watoto majirani huanza kunong'ona, mtamtia jeraha ambalo hamtaliona.

Jirani naye usimwendee kwa shari. Mwambie binti akija kwake jioni, katuni sawa, sizoni za Kikorea sawa, za kafara hapana. Wengi wakielezwa sababu wanaelewa, na wengine watakuambia wa kwao pia halali vizuri. Saa nazo zinasaidia: Uingereza vipindi vya wakubwa havianzi hewani kabla ya saa 3 usiku, Kenya kabla ya saa 4. Kwetu Kanda ya Ziwa watoto wengi bado wako sebuleni saa hizo kwa sababu hakuna chumba kingine chenye feni, kwa hiyo binti awe amerudi nyumbani kabla ya taarifa ya habari ya saa 2, basi.

Kwa wifi, mkumbushe ile kanuni ya kwao, kwamba mtoto anaweza kuona zaidi ya umri wake akiwa na mtu mzima. Mtu mzima huyo awe yeye. Jumapili hii akae yeye na wale wavulana wawili, DJ aongee, na kila baada ya pigano asimamishe aulize wameelewa nini. Atajifunza Kiswahili cha mtaani alichokisahau, na mwanawe atagundua kwamba binamu yake hacheki watu wakiumia, anacheka maneno ya DJ.

Mpe binti kama wiki tatu au nne. Akiwa bado anaamka usiku akilia, ameanza kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, au amegoma kwenda hata shule, usimpeleke kuombewa peke yake ukaishia hapo. Hospitali ya Bugando kuna idara ya afya ya akili inayoona na watoto. Nenda, na mama mkwe akiwa na nguvu, mwende naye, akae kwenye benchi moja na mjukuu wake wakisubiri kuitwa.